Maswali ya Wasomaji: Kila Nikikaribia Lengo, Akiba Huishia Kwenye Dharura

SWALI: Ndugu Mshauri, pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mama wa watoto watatu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue mashine ya overloki, ambayo bei yake ni shilingi 1,200,000, kwa kuwa sasa kila sare ninayoshona naipeleka kwa fundi jirani aimalizie kingo kwa shilingi 500. Nimeshafikisha laki nne mara kadhaa, lakini kila mara huzuka jambo: mtoto ameugua, kuna msiba kijijini, au michango ya shule imefika. Fedha ikishatoka, hukaa hata miezi miwili bila kuweka chochote. Watu huniambia haba na haba hujaza kibaba, nami nimechoka kuusikia msemo huo. Nifanyeje nisikate tamaa?

JIBU: Dada yetu, pole kwa hayo yote. Katika barua yako sioni uvivu wala ubadhirifu, kwani anayefikisha laki nne mara kadhaa kwa kipato cha cherehani anajua kuweka akiba. Kinachokuvunja moyo ni kwamba fedha moja umeipa kazi mbili. Inasubiri mashine, na papo hapo inasubiri homa ya mtoto, na kwa kuwa homa haiwezi kungoja, mashine ndiyo inayorudi nyuma kila mara. Umemtibu mwanao, jambo ambalo mzazi yeyote angelifanya, lakini moyoni unajihesabu kuwa umeshindwa.

Tazama namna VICOBA, yaani vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa, vinavyoendeshwa. Mwanachama hununua hisa, na kando yake hutoa kiasi kidogo kwa ajili ya mfuko wa jamii. Akifiwa au akiuguliwa, hushikwa mkono kutoka mfuko huo, na hisa zake hubaki palepale hadi siku ya mgawanyo. Waliobuni utaratibu huo waliyajua vizuri maisha ya watu wenye kipato cha kuyumba, na ninaamini utengano huo, pengine kuliko hata macho ya wenzao, ndio unaowafanya wanachama wafike mwisho wa mzunguko.

Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliona jambo linalofanana na hilo magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Watu waliopewa sanduku lenye kufuli pamoja na ufunguo wake, wakaandika lengo la kiafya wanalowekea akiba, waliongeza matumizi yao kwa vitu vya kinga, kama vyandarua, kwa takriban asilimia 66. Wengine walipewa sanduku ambalo ufunguo wake ulikaa kwa msimamizi, nao kwa wastani hawakupata faida hiyo, kwa sababu watu husita kufungia fedha ambayo huenda wakaihitaji usiku wa kuamkia kesho. Kwa hiyo ushauri wa kuifungia akiba yako yote mahali usipoweza kuifikia, ambao bila shaka umeshaupata, sikupi.

Anza kwa kuandika dharura zote zilizokula akiba yako mwaka uliopita na kiasi cha kila moja. Tuseme kwa kawaida haizidi laki mbili. Basi hicho ndicho kiwango cha akiba yako ya dharura, na ikae kwenye simu, ambako utaipata saa yoyote. Hadi itakapotimia, kila elfu tatu unazoweka, elfu moja iende huko na elfu mbili ziende kwenye mashine. Fedha ya mashine iwe mbali kidogo na mkono wako, kwa mfano kwenye kikundi kilichosajiliwa halmashauri kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, au kwenye akaunti ya benki isiyounganishwa na simu.

Jambo la pili ni mpangilio wa mwaka wako. Kipato cha fundi cherehani hakilingani miezi yote: Desemba na Januari mnakesha na sare za shule, kabla ya Iddi mnazidiwa na magauni na kanzu, kisha huja wiki ambazo kazi ni kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Ukijiwekea kiasi kilekile kila mwezi, miezi mikavu itakushinda na utakata tamaa bure. Lenga laki nne kutoka msimu wa sare, laki mbili kabla ya Iddi, na shilingi 5,000 kwa wiki katika wiki 40 zinazobaki. Jumla ni laki nane kwa mwaka, na ukihesabu na zile laki mbili za dharura, mashine inapatikana katika takriban mwaka mmoja na miezi tisa.

Halafu, liandike kwenye daftari kila jero unalompa jirani. Simsemi vibaya jirani yako, kwani anakufanyia kazi halali; lakini msimu wa sare 200 unampa laki moja, na ukilitazama daftari hilo jioni umechoka, litakusukuma kuliko msemo wowote. Dharura ikitokea, iondolee fungu lake bila kujilaumu, na wiki inayofuata uweke tena, hata kama ni shilingi 1,000 tu. Hiyo miezi miwili ya kukaa bila kuweka kitu nayo imekugharimu, juu ya dharura zenyewe.

SWALI: Nina mkopo wa simu ambao riba yake inapanda. Je, niendelee kuweka akiba ya kiwanja? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Ndugu yetu, simamisha kwanza ya kiwanja. Hakuna akiba ya kawaida inayozaa faida ya kufikia riba na tozo za mikopo ya aina hiyo, hivyo kila shilingi inayopunguza deni inakufaa zaidi. Bakiza tu fedha kidogo ya dharura, ili mtoto akiugua usilazimike kukopa tena kulekule. Deni likiisha, kiasi kilekile ulichokuwa ukirejesha kila mwezi kihamishie kwenye kiwanja mwezi unaofuata, kabla hakijazoea matumizi mengine.