Kubalehe mapema na saratani ya tezi dume
Uhusiano upo, ila ni mdogo: wanaume waliobalehe mapema wana hatari kubwa kidogo ya saratani ya tezi dume baadaye. Mwaka 2017 jarida la Nature Genetics lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya wanawake wapatao 370,000 kuhusu umri wa kuvunja ungo. Vingi kati ya vinasaba hivyo hugusa pia balehe ya wavulana, na hatari ilionekana hata unene ulipozingatiwa. Huenda sababu ni tezi kukaa miaka mingi zaidi na homoni za kiume. Lakini jamani, aliyechelewa kubalehe asijione salama! Umri, baba au kaka aliyewahi kuugua, na asili ya Kiafrika vinachangia zaidi. Hayo ndiyo ya kumweleza daktari.