Jibu: Utafiti wa somo la saratani za kurithi kwa wanafunzi wa uuguzi, dodoso peke yake halitoshi

Mwalimu, umeuliza kama dodoso la "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa", likijazwa kabla na baada ya somo la saa nne, litatosha kuonyesha kwamba wanafunzi wako 60 wa uuguzi wameelewa jeni za saratani. Halitoshi. Dodoso la aina hiyo linapima kujiamini, na kujiamini hupanda karibu baada ya kila somo, hata lililofundishwa vibaya. Libakize, ila lisiwe kipimo chako kikuu. Kipimo kikuu kiwe kazi ambayo muuguzi ataifanya kweli mbele ya mgonjwa: kuuliza historia ya familia, kuichora vizazi vitatu, na kuamua kama mgonjwa apelekwe kwa mshauri wa jeni.

Tumia mgonjwa wa kuigiza anayejibu anachoulizwa tu, dakika 20 kwa kila mwanafunzi. Kisa kiwe na mtego. Kwa mfano: mwanamke wa miaka 36 amekuja kwa uzazi wa mpango. Mama yake ni mzima, ila dada wa mama aligundulika na saratani ya matiti akiwa na miaka 71. Baba ni mzima. Dada pekee wa baba aliugua saratani ya matiti akiwa na miaka 41, na mama yao alifariki akiwa na miaka 52 kwa "tumbo kujaa maji". Mwanafunzi anayedhani saratani ya matiti hupita kwa mama tu atamwandika yule wa miaka 71, atajaza duara moja wino (alama ya mwanamke aliyeugua), na atafunga kazi. Hatari yote iko upande wa pili. BRCA1 na BRCA2 ni jeni ambazo badiliko lenye madhara ndani yake huleta saratani ya matiti na ya ovari ya kurithi. BRCA1 iko kwenye kromosomu ya 17 na BRCA2 kwenye ya 13, wala haziko kwenye kromosomu za jinsia, kwa hiyo baba huweza kubeba badiliko na kulipitisha kwa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu bila yeye kuugua. Na lile tumbo la bibi ni lazima liulizwe zaidi, kwa sababu saratani ya ovari mara nyingi hujionyesha hivyo.

Usahihishaji wangu kwa kazi kama hii ni alama 20: vizazi vitatu vimechorwa, 3, alama za mchoro ni sahihi (mraba mwanamume, duara mwanamke, mstari wa mshazari kwa aliyefariki, mshale kwa mgonjwa mwenyewe), 3, pande zote mbili zimeulizwa, 4, umri wa kila mmoja alipogundulika, 4, saratani ilianzia kiungo gani, 2, umri na sababu ya kifo, 2, uamuzi wa rufaa pamoja na sababu yake, 2. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuandika umri wa kufariki mahali pa umri wa kugundulika. La pili ni kuandika "saratani ya ini" bila kuuliza kama ilianzia hapo au ilisambaa kutoka kwingine. La tatu linatokana na lugha yetu: "baba mkubwa" anaweza kuwa kaka wa baba au mume wa dada wa mama, na huyo wa pili hana damu na mgonjwa. Wafundishe kuuliza "amezaliwa na nani?" kila linapotajwa jina la undugu.

Karatasi 10 za kwanza zisahihishwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana, tatizo huwa kwenye maelezo ya alama. Yarekebisheni kabla ya kuendelea.

Kipimo cha pili ni mtihani wa maarifa wa maswali 20 hivi. Usiulize tafsiri za maneno. Uliza mambo ambayo wengi huyaelewa vibaya. Ukweli wanaopaswa kuujua ni huu: kila mtu ana BRCA1 na BRCA2, tatizo ni badiliko lenye madhara. Saratani za kurithi ni takriban 5 hadi 10 katika kila 100. Jibu hasi la kipimo cha jeni lina uzito kamili pale tu badiliko la familia hiyo linapojulikana. Na jibu la "badiliko ambalo maana yake haijajulikana" halitumiki kuamua upasuaji. Hili la mwisho ndilo huwaangusha wengi, na ndilo hatari zaidi wodini. Jaribu maswali kwa darasa jingine kwanza: ondoa linalojibiwa sahihi na karibu wote kabla hata ya somo, maana halitaacha nafasi ya kupanda. Kwa majibu ya sahihi na kosa, uthabiti wa mtihani hupimwa kwa KR-20 (fomula ya Kuder-Richardson, ambayo kilele chake ni 1), lenga 0.70 au zaidi.

Kuhusu idadi: ukiwapima watu walewale kabla na baada, ukitafuta tofauti ya ukubwa wa kati (0.5 ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti hiyo ikiwa ipo), unahitaji 34. Ukikadiria kupoteza mmoja kati ya watano, anza na 43. Ukiwagawa makundi mawili tofauti utahitaji 64 kila upande, hunao. Baki na kundi moja, lakini tengeneza visa viwili vyenye ugumu sawa: nusu waanze na A, nusu na B, kisha wabadilishane. Vinginevyo utapima kumbukumbu ya mtego. Rudia miezi mitatu baadaye.

Karatasi zisizo na jina hupotea kwa sababu wanafunzi husahau msimbo waliojitungia. Toa kadi zenye namba, zitunzwe na mtu asiyesahihisha. Bila kuoanisha kabla na baada huwezi kutumia jaribio la t la jozi, linalolinganisha alama za mtu yuleyule kabla na baada, na nusu ya kazi yako imepotea hapo.

Maadili: usichukue ridhaa wewe mwenyewe, kwa kuwa ndiye unayewapa alama. Mwombe mwenzako asiyewafundisha. Na tafadhali usiwaambie wachore ukoo wao wenyewe. Katika darasa la 60 huenda yumo binti ambaye shangazi na bibi yake walikufa mapema, na atakapomaliza kuchora atakuwa ameshajua maana yake, ameketi kati ya wenzake. Hata kwa kisa cha kubuni anaweza kujitambua, basi ridhaa itaje kwa jina la kazi nani wa kumwendea, na mtu huyo awe amekubali kabla ya siku ya kwanza.