Binti wa kidato cha tatu anayejifungia ndani: tuliyoyapitia kwa kijana wetu

Dada wa Newala, pole sana. Umesema binti yako amejifungia chumbani tangu mwezi uliopita, hali chakula, na juzi kamwambia mdogo wake anatamani alale asiamke. Baba yake anasema ni ujana, shangazi anataka apelekwe kwa fundi, yaani mganga wa kienyeji. Mimi ni baba niliyepita njia hiyohiyo, na naanza na la usiku wa leo.

Dawa za mikorosho mmeziweka wapi? Huku kwetu nyumba nyingi zina viuatilifu vilivyobaki msimu. Vyangu vilikuwa uvunguni mwa kitanda cha kijana mwenyewe, chupa mbili na nusu mfuko wa salfa, na sikuwahi kufikiria mpaka nesi aliponiuliza. Vitoe leo, vipeleke kwa jirani unayemwamini. Na vidonge vya bibi pia. Kisha hamishia godoro lako chumbani kwake.

Halafu muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Najua mdomo unakuwa mzito. Niliogopa kwamba nikitaja neno hilo nitampa wazo, kumbe kuuliza hakumpandikizii mtoto wazo, humpa nafasi ya kutua mzigo. Nilimuuliza barazani, alikuwa anashona wavu wa mjomba wake. Hakuinua macho. Akasema, "Ndiyo baba," sindano ikaendelea matundu mawili matatu, ndipo mikono ikasimama.

Alikuwa na miaka 16, na kilichonipoteza ni kwamba sikuona huzuni, niliona hasira. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kwa kijana mara nyingi huja hivyo: ukali, kichwa na tumbo kuuma, usingizi kuharibika. Tulipima malaria mara tatu, hana. Nikamwita mvivu mbele ya wenzake. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa fundi nasi tulikwenda, ikaliwa miezi miwili na sehemu ya hela ya korosho. Sheikh wa mtaani kwetu ndiye aliyetuambia dua tuendelee nayo, lakini mtoto afike hospitali.

Anza na hospitali ya wilaya hapo kwenu. Usiseme tu "hali chakula". Mwambie daktari maneno yaleyale aliyoyasema mtoto, maana ndiyo yatakayofanya mambo yaende haraka. Zahanati tuliyoanzia sisi tulipewa vidonge vya usingizi tukarudishwa nyumbani, kwa sababu sikuyasema. Omba rufaa ya kuja Ligula, hospitali ya mkoa hapa Mtwara, na ukifika uliza huduma ya afya ya akili. Kama nauli au gharama ni tatizo, muone afisa ustawi wa jamii kabla hujakata tamaa.

Wataomba kuzungumza naye peke yake. Mwache. Mimi nilikaa kwenye benchi nje nimekasirika, kumbe mle ndani ndimo alimosema mambo ya bweni ambayo asingethubutu kuyasema mbele yangu.

Wakimwanzishia dawa, usitegemee nafuu kesho. Za sonona huchukua wiki kadhaa, na wiki za mwanzo ndizo za kumwangalia kwa karibu zaidi. Wiki ya pili nilitaka kuzikatisha, mama yake akanizuia. Haziachwi ghafla, hata akichangamka. Mrudishe kwa daktari ndiye aamue. Kijana wetu alikosa muhula mzima, akarudia darasa, na bado tunahudhuria kliniki.

Namba 116, simu kwa mtoto, ni bure. Unaweza kupiga wewe, anaweza kupiga mwenyewe.

Usingoje msimu uishe. Mkija Mtwara mjini na hamna pa kufikia, niandikie faragha. Chumba kipo, na mke wangu amesema atakusindikiza mwenyewe.