Binti yangu anataka mbio za magari

Shikamoo Bi Mkubwa. Mie nipo Wete, Pemba, binti yangu ana miaka 19 anaendesha keri (kile kigari kidogo) ya ami yake mpaka Chake Chake, sasa ati anataka mashindano ya rali, babake hataki hata kusikia. Kuna mwanamke kafika mbali kweli huko?

Marahaba mwanangu. Yupo Michèle Mouton wa Ufaransa, alianzia kiti cha pembeni anamsomea dereva njia, babake ndo akamnunulia gari akampa mwaka mmoja aoneshe anachoweza (mwambie mumeo hapo!). 1981 akashinda Sanremo, mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya rali ya dunia, na mwaka wa pili yake kashinda Ureno, Ugiriki na Brazili akamaliza wa pili dunia nzima, na msoma njia wake Fabrizia Pons, mwanamke mwenzake. Na hapo Kenya, Safari Rally ya 1983, kashika nafasi ya tatu, vumbi lile unalijua.

Ila rali ina gharama, matairi tu utalia. Aanze na kiti cha pembeni, na ufundi wa gereji ajue, maana keri ikizima pale mlimani si atashuka mwenyewe?