Alama 10 si 10 Kila Shule

Jamani, msimu wa kukusanya data umefika tena, na madodoso yanarudi na makosa yaleyale ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Vijana mna bidii, na tableti mnazimudu kuliko sisi. Lakini PHQ-9, dodoso la maswali 9 la kupima dalili za sonona (depression) za wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3, mnaigawa kama mtihani wa mock, kisha mnashangaa kupata majibu ya mock.

1. Tafsirini malalamiko, msitafsiri maneno. Mwanafunzi akikwambia "nina mawazo", amelemewa huyo. Washona wa Zimbabwe wana "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, na dodoso lao la maswali 14 lilijengwa juu ya lugha ya wagonjwa wenyewe. Sisi tunakimbilia "sonona", neno zuri la kliniki ambalo watoto wengi wa kidato cha pili hawajawahi kulitamka. "Wasiwasi" nalo lina mitego yake: pwani, anayerudia udhu mara tano huambiwa ana wasiwasi. Na swali la 6 la PHQ-9, la kujiona umeshindwa, aliyefeli hesabu juzi atajibu kuhusu hesabu. Tafsiri ya kurejesha, yaani kumpa mtu wa pili airudishe kwenye Kiingereza ili mlinganishe, haikamati haya, maana mtafsiri wa pili ni msomi kama wa kwanza na wanaelewana vizuri mno. Kaa na wanafunzi 8 au 10, mmoja mmoja: "Hapa umeelewa unaulizwa nini?"

2. Jibu la PHQ-9 la "Zaidi ya nusu ya siku" linasomeka kama zaidi ya saa sita za mchana. Siku moja ni siku, siku nyingi nazo ni siku. Kiswahili hakikusaidii hapo. Andika "zaidi ya siku 7 kati ya hizi 14", yaishe.

3. Mwalimu atoke darasani. Madawati yaachane, la sivyo watapiga chabo hata kwenye swali la huzuni.

4. SDQ, dodoso la maswali 25 kuhusu tabia na hisia za watoto: geuza alama za swali la 7, 11, 14, 21 na 25 (0 iwe 2, 2 iwe 0) kabla ya kujumlisha, na maswali matano ya wema usiyaingize kwenye jumla ya matatizo, ambayo mwisho wake ni 40. Tumelisema hili mara ngapi?

5. Hili la tano si la kuwacheka vijana. Wengi wetu tulio na mvi tumelifanya, tena kwa kujiamini. Unachukua faili mbili, shule za hapa zilizojibu kwa Kiswahili na za kule zilizojibu kwa Kiingereza. Unahesabu waliofikisha alama 10 za PHQ-9, mpaka wa kumhesabu mtu kuwa huenda ana sonona, unachora nguzo mbili, ya hapa ndefu, ya kule fupi, kisha unasimama mbele ya watu na kutangaza kwamba wanafunzi wa hapa wameelemewa zaidi. Hiyo 10 ilitoka wapi? Ilipimwa kwa watu wazima kwenye kliniki za Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Sasa mlete mtoto wa bweni. Prepu inaisha saa nne usiku, kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri. Usingizi anajipa 3, uchovu 3. Maharage ni yaleyale tangu Jumatatu, hamu ya kula 2. Darasani anasinzia, umakini 2. Kumi imetimia, ilhali maswali ya 1 na 2, yaani kukosa raha na huzuni, ameweka sifuri. Umepima ratiba ya shule. Ukienda mwezi wa Ramadhani, umepima na daku.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha wastani, pimeni ulinganifu wa kipimo, yaani kama maswali yanapima kitu kilekile kwa namna ileile pande zote, hatua kwa hatua: kwanza muundo uleule pande zote, kisha uzito wa kila swali, kisha vizingiti vya majibu, yaani pale mtu anapohama kutoka jibu moja kwenda la juu yake. CFI, namba inayoonyesha muundo wenu unavyooana na data, ikishuka zaidi ya 0.01 kutoka hatua moja hadi nyingine, simameni hapo na mtafute swali linalovuruga. Mara nyingi ni la usingizi au la uchovu. Majibu ni 0 hadi 3, basi tumieni njia ya data za ngazi, msijifanye mnapima urefu kwa sentimita. Mkiliachia huru swali moja au mawili, yaani mkiruhusu yatofautiane hapa na kule, semeni wazi ni yapi. Na alfa ya Cronbach, kipimo cha uthabiti wa maswali, ya 0.85 kila upande haiwatetei: inaonyesha maswali yanakwenda pamoja, haionyeshi kwamba yana maana moja hapa na kule.

6. Swali la 9 la PHQ-9, la kutamani kufa au kujidhuru. Amueni mapema kama karatasi zitakuwa na namba ya kumtambua mwanafunzi, na mweleze hivyo kabla hajakubali kujibu. Mshauri awe ameshapatikana kabla ya dodoso la kwanza kugawiwa. Kisha pitieni swali hilo, karatasi moja moja, mkiwa bado shuleni, kabla dereva hajawasha gari. Boksi likishafungwa kwa gundi, huyo mtoto amebaki na jibu lake bwenini.