Jibu kwa mleta mada: CRM si ya marubani peke yao

Mleta mada umeuliza hivi: mdogo wako kapata kazi ya uhudumu wa ndege, kapangiwa siku mbili za kozi ya CRM (Crew Resource Management, mafunzo ya marubani na wahudumu kusemezana na kufanya kazi pamoja kwa usalama) kabla hajagusa hata toroli la vinywaji, na wewe unaona anapotezewa muda kwa mambo ya marubani. Mchangiaji mmoja hapo juu kasema asaini mahudhurio tu, yaishe. Naomba nipingane naye. Nimefanya kazi hiyo miaka tisa, kwenye ndege za pangaboi, na njia niliyoizoea kuliko zote ni Dar–Songwe, uwanja wa Mbeya. Siku hizi nipo Tukuyu na miparachichi yangu, kwa hiyo sina bosi wa kumwogopa.

Nianzie mbali kidogo, mtanivumilia. Kwetu Rungwe, kwa mila ya zamani, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Nimemwona mama, ndoo kichwani, akisikia tu kikohozi cha babu kwenye migomba, anaacha njia, anaingia shambani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Siku moja ng'ombe wa babu alikata kamba. Mama kamwona, babu mwenyewe kasimama hatua chache tu kutoka hapo. Mama akaja kunitafuta mimi, mtoto wa miaka sita, nikamwambie babu. Nilipofika ng'ombe alikuwa keshaingia kwenye mahindi ya watu.

Ng'ombe yule nilikuja kumkumbuka angani, juu ya Usangu.

Asubuhi ya siku hiyo, Dar, kabla abiria hawajapanda, nilimuuliza kapteni kuhusu ukungu wa Songwe. Wenye kupita Songwe mnaujua. Wiki iliyotangulia tulizunguka juu yake mpaka tukarudi Dar na abiria wetu, na mimi ndiye niliyetukanwa mlangoni. Kapteni akanijibu bila kunitazama: "Dada, wewe shughulika na chai." Nikanyamaza. Alikuwa mtu mzima, umri wa baba yangu, na shikamoo yangu aliipokea vizuri tu.

Tulitua salama, tukapakia wa kurudi, tukapaa. Muda si mrefu abiria wa dirishani upande wa kushoto akanigusa mkono, akanionyesha kasha la injini. Kulikuwa na michirizi myeusi inarudi nyuma na upepo, inazidi kurefuka. Nilijua ni oili. Nilijua pia simu ya ndani iko wapi. Lakini nikajiambia: bado tunapanda, na tukiwa chini ya futi 10,000 marubani hawaongeleshwi. Halafu nikajiambia: wana geji zao, wameshaona. Nikamaliza safu mbili za karanga na maji. Zilipita kama dakika kumi ndipo nikapiga simu, tena nikaanza na "samahani kapteni, labda si kitu…"

Akaniuliza imeanza lini. Nikasema tangu tulipopaa. Kimya. Kisha akaniambia nirudi dirishani nimweleze kila ninachokiona, kisha tukageuza kurudi Songwe. Abiria mmoja alikuwa na kesi mahakamani siku hiyo, alinilaumu mpaka tukagusa lami. Fundi alikuta kifuniko cha oili hakikufungwa sawasawa. Presha ilikuwa bado haijashuka.

Baada ya abiria kushuka tulikaa viti vya mbele, wanne. Nilidhani nakaripiwa. Kapteni akasema: "Asubuhi nilikuambia ushughulike na chai, nawe ukashughulika na chai. Dakika kumi zile nusu yake ni zangu." Kwa mtu wa umri wake na mistari minne begani, kusema hivyo mbele ya rubani msaidizi si kitu kidogo. Sijawahi kumsahau.

Sasa turudi kwa mdogo wako. Ile sheria ya futi 10,000 inakataza mazungumzo na shughuli zisizo za usalama. Oili inayovuja ni usalama. Nilikuwa nimeikariri sheria, nikaitumia kama kichaka cha kujifichia, kama mama kwenye migomba. Na si mimi wa kwanza. Tarehe 8 Januari 1989 Boeing 737 ya British Midland ilitoka London kwenda Belfast, feni ya injini ya kushoto ikavunjika, marubani wakazima ya kulia iliyokuwa nzima. Kapteni akawatangazia abiria kwamba tatizo ni injini ya kulia. Abiria na wahudumu walikuwa wameona moto upande wa kushoto. Hakuna aliyepeleka habari mbele. Ndege ikaanguka Kegworth, karibu kabisa na uwanja, watu 47 kati ya 126 wakafa. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Machi, Dryden huko Kanada, ndege ya Air Ontario ilijaribu kupaa ikiwa na theluji juu ya mabawa. Mhudumu aliiona, akawa na wasiwasi, akaamini marubani wanajua zaidi. Wakafa 24. Humo ndani kulikuwa na marubani wengine wamepanda kama abiria, nao pia walikaa kimya!

Ndiyo maana hata herufi C ya mwanzo imebadilika maana. NASA walipoitisha mkutano wao mwaka 1979, baada ya ajali kama ile ya Tenerife ya 1977, ndege mbili zilipogongana kwenye ukungu wakafa watu 583, C ilikuwa ya kokpiti (cockpit), yaani chumba cha marubani. Baadaye ikawa ya wafanyakazi wote wa ndege (crew). Na asiwepo wa kuniambia haya ni ya Wazungu: ajali ya Kenya Airways pale Douala mwaka 2007, watu 114, uchunguzi ulitaja uratibu mbovu kati ya marubani wawili.

Kozi yenyewe ina vitu vya kuchosha, sikatai. Michoro ya jibini yenye matundu, ya kuonyesha makosa madogo yanavyopangana mpaka ajali ipenye, ataiona mpaka aichukie. Kuhusu uchovu na usingizi ataambiwa anayoyajua. Kilichonisaidia mimi, niliporudia kozi baada ya mkasa ule, ni mazoezi ya kusema. Unaita mtu kwa cheo, unasema una wasiwasi, unataja ulichokiona kwa macho, unapendekeza, unasubiri jibu. "Kapteni, nina wasiwasi. Oili inatoka injini ya kushoto, inaongezeka. Naomba uangalie sasa. Umenipata?" Hakuna samahani, hakuna labda. Mara ya kwanza kulisema hilo kwa sauti, mbele ya mtu uliyetoka kumwamkia, ulimi unakuwa mzito kama umeng'atwa na nyuki. Mkufunzi wetu alinirudisha mara sita. Heshima yako haipungui, kwa sababu cheo umekitaja na shikamoo ulishaitoa asubuhi. Mama yangu hakuwa na sentensi ya kumwambia babu. Mila haikumwachia hata moja.

Tena hiyo ni nusu tu. Kapteni naye anafundishwa kwamba maneno yake ya kwanza asubuhi ndiyo yanayoamua kama simu italia akiwa angani.

Mwambie mdogo wako siku wanayochanganywa na marubani asikae nyuma na wenzake wa sare moja. Akae jirani na kapteni mkali kuliko wote, na kwenye zoezi ajitolee kuwa yule anayepiga simu. Chai ya mapumziko kila mtu anajimiminia mwenyewe.