Gold Reef City na watoto: hesabu inaanzia Septemba

Mzazi wa hapa Lubumbashi akisikia kwamba tuliwapeleka watoto Gold Reef City, huuliza kwanza mlangoni wanalipisha ngapi. Nami humuuliza: Septemba shule zikifunguliwa unalipa ngapi? Simkatishi tamaa. Bustani ile ya michezo iko Johannesburg, na tiketi ya mlangoni ni sehemu ndogo ya gharama. Lililo zito linakungoja nyumbani ukirudi. Nimeona familia ikirudi mwisho wa Agosti na picha nzuri kwenye simu, kisha wiki ya kwanza ya Septemba watoto wakarudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, yaani ada ya shule. Roho iliniuma, maana watoto hawakuwa wameomba kuchaguliwa kati ya treni ya kupinduka hewani na dawati lao.

Kwa hiyo daftari letu la safari lilianza na ukurasa wa Septemba. Tuliandika minervali ya kila mtoto, sare, viatu, madaftari, nauli ya kwenda shule, kodi ya nyumba ya mwezi huo na gunia la unga. Jumla hiyo tuliitenga kabla ya kutaja viza wala basi, na hatukuiweka nyumbani. Tulimpa dada yangu mkubwa, mtu ambaye hatoi hata franka moja bila kusikia sababu, na sababu yenyewe aipende. Kilichobaki baada ya hapo ndicho tulichokiita pesa ya safari. Kilikuwa kidogo kuliko tulivyotarajia, na ni heri tulikijua Januari.

Chombo chetu cha kuweka akiba kilikuwa likelemba, mchango wa kikundi ambao kila mmoja hupokea kwa zamu. Kikundi chetu ni akina mama wanaojuana miaka mingi, na niliomba zamu yangu iangukie Mei. Sababu ni kwamba makaratasi huchukua miezi na hulipwa kidogo kidogo, basi hayo tuliyalipa kwa mishahara ya Januari hadi Aprili. Tiketi hulipwa kwa mkupuo, na mkupuo ndio kazi ya likelemba. Ukipokea zamu yako Februari, pesa italala ndani ya nyumba miezi mitatu, na nyumba ya Kiafrika haikosi mgonjwa, haikosi matanga.

Neno moja kuhusu sarafu. Weka akiba katika pesa utakayolipia. Mwaka 2025 franka ilipanda thamani ghafla mbele ya dola, na bei za sokoni hazikushuka kwa mwendo ule ule. Aliyekuwa na dola akidaiwa kwa franka alijikuta amepungukiwa bila kutumia hata senti. Kama shule yako inalipisha kwa dola, weka dola. Kama ni franka, badilisha mapema. Na dola za kubeba zikague moja moja kwenye mwanga, pembe zote nne, kama wafanyavyo wabadilishaji wetu wa barabarani. Iliyochanika kidogo hapa kwetu itakataliwa, na ukishafika njiani huna wa kumrudishia. Johannesburg kwenyewe mambo yote ni randi.

Makaratasi sasa. Haya ndiyo yanayoanza kula pesa, tena mapema. Kila mtoto anahitaji pasipoti yake, hata anayenyonya. Mkongomani anahitaji viza ya Afrika Kusini, na kwa mtoto wanadai cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha wazazi wote wawili. Akisafiri na mzazi mmoja, inahitajika barua ya ridhaa ya yule mwingine. Vyeti vyetu ni vya Kifaransa, kwa hiyo tenga pia pesa ya mtafsiri wa kiapo. Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Kwa sheria yetu, mtoto huandikishwa komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, bila malipo ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, inabidi kwenda mahakamani kutafuta hukumu ya kusimama mahali pa uandikishaji uliochelewa, na hapo kuna ada, kuna nauli za kwenda na kurudi, kuna wiki zinazopita bure. Kama una mtoto ambaye hakuandikishwa, nakuomba uanze na yeye, hata kama mwaka huu hamwendi popote. Cheti hicho atakihitaji kwa mambo makubwa kuliko bustani.

Halafu kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Afrika Kusini inaidai kwa kila anayetoka Congo, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Inaanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya sindano, hivyo kuchanjwa juma la safari hakusaidii. Habari njema ni kwamba tangu 2016 kadi hiyo inatambuliwa kwa maisha yote. Gharama yake unailipa mara moja tu kwa mtoto. Watakuja watu wa kukuuzia kadi bila sindano. Usikubali. Homa ya manjano inaua, na sindano ndiyo kinga, karatasi ni ushahidi wake tu.

Kuhusu njia, usikubali kuambiwa kwamba basi ni rahisi na ndege ni ghali, mkamalizia hapo. Piga hesabu kwa vichwa. Ndege kutoka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, hadi Johannesburg inatumia muda wa saa mbili na nusu hivi, lakini juu ya tiketi kuna Go-pass, ushuru wa uwanja wa ndege, ambayo kwa safari ya nje haipungui dola 50 kwa msafiri. Wasafiri sita ni dola 300 kabla hata mtu hajanunua maji ya kunywa. Uliza kama imo ndani ya bei ya tiketi au utaidaiwa uwanjani. Wengine huvuka mpaka wa Kasumbalesa wakapandia ndege Ndola, upande wa Zambia. Njia hiyo inaweza kupunguza kitu, ila ongeza teksi ya kufika mpakani, gari la kutoka mpakani hadi Ndola, na pengine usiku mmoja wa kulala huko. Nimewaona watu ambao punguzo lote liliishia kwenye usiku huo mmoja.

Basi linapita Kasumbalesa, Lusaka, Chirundu, Harare na Beitbridge. Ni mipaka mitatu, na kila nchi unayopita ina masharti yake, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi, nchi kwa nchi. Nauli ni ya chini kweli. Gharama yake imejificha ndani ya siku za njiani: watoto wanne wakila mara tatu kwa siku katika vituo vya barabarani, kwa kwacha kisha kwa pesa nyingine, wanakula zaidi ya unavyodhani. Sisi tulibeba mikate, mayai ya kuchemsha, karanga na chupa kubwa za maji, na tukanunua chakula cha moto mara moja kwa siku. Mama mwenye mtoto mchanga ningemshauri ndege hata kama ni kungoja mwaka mmoja zaidi.

Malazi tulipata kwa shemeji, Yeoville, mtaa wenye Wakongomani wengi, ambako sokoni unapata sombe na makayabu kama uko komini Kenya ya hapa Lubumbashi. Kulala kwa ndugu si bure, na haifai kuwa bure. Umeme katika nyumba nyingi za kule hulipiwa kabla, kama vocha ya simu, na ninyi sita mkianza kuoga maji ya moto asubuhi, mashine inashuka huku mnaitazama. Siku ya kwanza tulimpa mama mwenye nyumba randi za umeme na za unga wa bukari mkononi, bila kungoja aseme. Kiasi hicho kilikuwa kwenye daftari tangu mwanzo, na ndicho kilichotuwezesha kukaa kwa amani ya moyo.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni majira. Vakansi yetu kubwa inaangukia Julai na Agosti, na Julai Johannesburg ni baridi kali. Mji ule uko juu kuliko Lubumbashi, na usiku joto linaweza kukaribia nyuzi sifuri. Hilo linaingia kwenye bajeti kwa namna mbili. Kwanza ni makoti. Yatafute kwenye mitumba hapa hapa mwezi Aprili, kabla baridi yetu haijaanza na bei haijapanda. Pili, michezo ya maji. Mtoto akilowa saa nne asubuhi katika baridi ile, siku imekwisha, na huenda ikaishia kwa daktari wa kulipia. Tulikubaliana na watoto tukiwa bado nyumbani kwamba michezo ya maji haitapandwa, na kila mmoja abebe soksi kavu na fulana moja ya akiba hata hivyo.

Angalia pia kalenda ya shule za Afrika Kusini. Likizo yao ya baridi huangukia mwisho wa Juni hadi Julai, na siku hizo bustani inajaa, foleni inakula nusu ya siku uliyoilipia. Wao wakirudi shuleni nafasi inakuwa kubwa, lakini nje ya likizo Gold Reef City haifunguliwi kila siku ya juma. Hakikisha siku za kufunguliwa kwenye tovuti yao wenyewe kabla ya kukata tiketi ya basi, na usitegemee simulizi za waliokwenda zamani. Kuna watu hapa mjini bado wanawaahidi watoto Ratanga Junction ya Cape Town, na ile ilifungwa 2018.

Ndani ya bustani, tiketi ya mlangoni inakupa treni na bembea nyingi. Visivyomo ni chakula, vibanda vya kurusha mpira ili ushinde mwanasesere, picha wanazokupiga na mengineyo. Hivyo vibanda ndivyo vinavyomaliza pesa, maana kila mrusho mmoja unaonekana mdogo. Kila mtoto wetu alipewa bahasha ya randi zake, na sheria ilikuwa moja: ikiisha, imeisha, na hakuna kumkopa ndugu yako. Tulifanya mazoezi kwanza. Jumapili moja tuliwapeleka kwenye bustani ya wanyama ya hapa mjini na bahasha za franka. Mkubwa alimaliza zake kwa soda na biskuti kabla hatujafika kwa simba, akabaki anatazama wengine wakila aiskrimu. Johannesburg huyo huyo ndiye aliyerudi na pesa mfukoni.

Jingine la kufanya nyumbani ni kupima kimo. Ruhusa ya kupanda mashine kubwa inategemea urefu wa mtoto, na mara nyingi hata bei ya tiketi hufuata kimo badala ya umri. Tuliwasimamisha kwenye fremu ya mlango wa jikoni, migongo imenyooka, nikachora alama za chaki, baba yao akapima kwa utepe wa fundi cherehani. Mdogo alikuwa chini ya kimo kinachotakiwa. Akatazama alama yake, akauliza, "Papa, na nikivaa viatu vya Jumapili?" Baba yake alipiga goti, akamwambia hata kwa viatu hatafika, kisha wakakaa na simu kuchagua pamoja zile atakazopanda. Machozi yaliishia pale jikoni. Pale langoni Johannesburg hakuna mtoto wetu aliyelia, na hatukulipia mtu kitu ambacho hakuruhusiwa kukipanda.

Kama umebakiwa na pesa ya jambo moja la ziada, toa vibanda vyote uwaingize watoto chini ya ardhi. Gold Reef City ilifunguliwa 1987 juu ya shimo namba 14 la mgodi wa zamani wa Crown Mines, na kuna ziara ya kushuka humo na kuona dhahabu inavyoyeyushwa na kumiminwa. Uliza bei yake kando na ya lango. Kwa watoto wa mji huu, ambao babu zao waliishi kwa king'ora cha kiwanda na ambao huliona bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, kila siku, ziara hiyo ina uzito ambao hakuna treni inayoufikia. Wangu walimuuliza aliyetuongoza maswali mpaka wageni wengine wakageuka kuwasikiliza.

Usafiri wa mjini: gari la kuita kwa simu hubeba abiria wanne. Familia ya sita ni magari mawili, kwenda na kurudi. Andika hivyo kwenye daftari, usiandike gari moja.

Na usitangaze safari mapema. Mkijulikana mtaani, zitakuja oda: viatu vya binamu, simu ya mjomba, nywele za shangazi, wote wakisema "nitakulipa ukirudi". Niliwajibu kwa heshima kwamba atakayeleta pesa kamili mkononi kabla ya tarehe ya safari nitamnunulia kwa moyo wote. Shangazi alileta, akapata nywele zake. Kwa wengine tulileta sabuni na peremende, vilivyokuwa na mstari wake kwenye daftari, na hakuna aliyenuna muda mrefu.

Ikifika mwisho wa Mei na jumla haijatimia, msikope, na msiguse ukurasa wa Septemba. Waambieni watoto ukweli wakiwa wamekaa, muwaonyeshe daftari, kiasi kilichopo na kinachokosekana. Pasipoti na kadi za chanjo zitabaki kuwa zao, cheti cha kuzaliwa hakiozi. Ingizeni pesa iliyopo kwenye duru inayofuata ya likelemba, mkiomba tena zamu ya Mei, na vakansi hii muende nao Kipopo, hapa karibu na mji, siku nzima, na chakula cha kutosha.